Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Uchunguzi wa Hataza ya Mfumo wa Seli za Fueli Unaotoa Gesi kwenye Maji

Maswali haya huulizwa na wahandisi, wanafunzi na wavumbuzi wanaojiandaa kupeleka ombi la hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, kwa mfumo wa seli za fueli unaoondoa gesi zilizoyeyuka kwenye maji yake, au ambao tayari wamepokea barua ya mchunguzi wa ofisi ya hataza na hawajui waanzie wapi. Mengi hujirudia karibu neno kwa neno. Majibu haya hayachukui nafasi ya wakala wa hataza atakayesoma karatasi zako mwenyewe, lakini ukimwendea ukiwa umeyaelewa, mazungumzo yenu yataanzia mbali.

## Misingi: seli, maji na gesi

1. Seli ya fueli ni nini, na maji yanatoka wapi?

Ni kifaa kinachozalisha umeme moja kwa moja kutokana na mmenyuko wa hidrojeni na oksijeni, bila kuwasha moto. Wazo lenyewe ni la zamani. William Grove alilionyesha mwaka 1839. Katika aina yenye utando wa polima, hidrojeni huingia upande wa anodi na kuachana na elektroni zake. Protoni hupenya utando, elektroni huzunguka kupitia waya wa nje zikifanya kazi njiani, kisha vyote hukutana na oksijeni upande wa kathodi na kuwa maji. Kila kilo 1 ya hidrojeni huzaa takribani kilo 9 za maji.

Seli moja ikiwa kazini hutoa kama volti 0.6 hadi 0.7 tu. Ndiyo maana hupangwa nyingi pamoja, wakati mwingine mamia, kuwa rundo moja. Rundo hilo hupata joto na lazima lipozwe, mara nyingi kwa maji. Basi kuna maji yanayozaliwa na maji yanayopoza, na katika mifumo mingi hukutana kwenye tangi moja. Matatizo ya gesi huanzia hapo.

2. Kwa nini maji hayo yatolewe gesi?

Kwa sababu nne zisizofanana, na kuzichanganya ndiko kunakoangusha maombi mengi.

Ya kwanza ni kaboni dioksidi. Ikiyeyuka kwenye maji hufanya asidi dhaifu, asidi huachia ioni, na ioni hupitisha umeme. Maji safi kabisa kwenye nyuzi 25 za selsiasi hupitisha umeme kwa kiasi cha mikrosimensi 0.055 kwa sentimita. Yaache wazi hewani tu, na kaboni dioksidi kidogo iliyomo hewani itayapandisha hadi karibu 1, na pH kushuka kuelekea 5.6. Pale hidrojeni inapotengenezwa kutokana na gesi asilia, kaboni dioksidi ni nyingi kuliko hiyo mara nyingi sana, na huenda ikaandamana na amonia. Maji yanayopita kati ya seli zenye jumla ya mamia ya volti hayatakiwi kupitisha umeme. Kwa hiyo husafishwa kwa rezini ya kubadilisha ioni, yaani chembe za polima zinazonasa ioni, na rezini hiyo huchoka haraka ikilazimika kunasa kaboni dioksidi yote.

Ya pili ni hidrojeni, nayo ni suala la usalama. Hidrojeni huweza kushika moto ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya mchanganyiko wake na hewa. Maji yaliyoibeba yakifika kwenye tangi lililofungwa, gesi hutoka taratibu na kujikusanya juu.

Ya tatu ni oksijeni, ambayo huchangia ulikaji wa mabomba na vibadilisha joto vya metali. Ya nne ni viputo: pampu inayovuta maji yenye viputo hupoteza nguvu, na sehemu za rundo zisizoguswa na maji huzidi joto.

3. Gesi huondolewaje?

Kanuni kuu ni ile ya William Henry ya mwaka 1803: kiasi cha gesi kinachoyeyuka kwenye maji hulingana na shinikizo la gesi hiyohiyo juu ya maji. Punguza shinikizo hilo, na gesi itatoka. Unaweza kulipunguza kwa kuvuta hewa yote juu ya maji, kwa kupitisha gesi nyingine kama hewa au mvuke, au kwa kutumia utando wa nyuzi zenye uwazi ndani, unaopitisha gesi na kuzuia maji.

Kupasha joto pia husaidia, ila si kwa gesi zote sawasawa. Kaboni dioksidi huyeyuka kidogo sana kwenye maji ya moto kuliko kwenye maji baridi. Hidrojeni, kwa upande wake, haibadiliki sana kati ya joto la chumbani na nyuzi 80. Nimeona rasimu inayosema kwa ujumla kwamba “kupasha maji huondoa gesi zilizoyeyuka”. Mchunguzi mwenye kemia yake atakuuliza: gesi ipi?

4. Kama kutoa gesi kwenye maji kunajulikana tangu zamani, kuna haja gani ya kuomba hataza?

Kweli kunajulikana. Maji ya boila yamekuwa yakiondolewa oksijeni tangu enzi za mvuke. Wanaanga wa Apollo walikunywa maji yaliyozalishwa na seli za fueli za chombo chao, na hidrojeni iliyoyeyuka ndani yake iliwasumbua tumboni. Seli zinazotumia methanoli huzalisha kaboni dioksidi upande wa anodi, na gesi hiyo hutenganishwa na kimiminika kama jambo la kawaida.

Hataza, hata hivyo, haiombwi kwa “kutoa gesi”. Huombwa kwa mpangilio fulani unaotatua tatizo fulani. Kinachoamua hatima ya ombi ni mambo matatu: gesi ipi inaondolewa, inaondolewa mahali gani katika mzunguko, na je, hayo yaliandikwa siku ombi lilipowasilishwa? Maswali mengi yanayofuata yanarudi hapo kwa njia moja au nyingine.

## Safari ya ombi

5. Hataza inalinda nini hasa, na kwa muda gani?

Inalinda kile kilichoandikwa kwenye madai, yaani zile aya zenye namba mwishoni mwa ombi. Maelezo na michoro huyafafanua madai lakini hayaongezi eneo la ulinzi. Chini ya TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki bunifu, ulinzi hudumu angalau miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha, mradi ada za kila mara zilipwe. Hataza ni haki ya kuzuia wengine. Haikuruhusu wewe kutumia uvumbuzi wako ikiwa unaangukia ndani ya hataza ya mtu mwingine.

6. Ombi hupitia hatua gani?

Njia ya kawaida huanza na ombi la kwanza katika nchi moja. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 unakupa miezi 12 kupeleka ombi hilohilo kwingine huku ukihesabiwa tarehe ya kwanza, inayoitwa tarehe ya kipaumbele. Wengi hutumia nafasi hiyo kuwasilisha ombi la kimataifa chini ya Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza wa mwaka 1970, unaosimamiwa na Shirika la Miliki Bunifu Duniani.

Ombi la kimataifa hutafutiwa ujuzi uliotangulia (kila kilichokwisha kujulikana hadharani kabla ya ombi), hupewa maoni ya awali, na huchapishwa baada ya miezi 18 tangu kipaumbele. Kufikia mwezi wa 30, au wa 31 kwa Ofisi ya Hataza ya Ulaya, lazima uingie katika kila nchi au kanda unayoitaka. Uchunguzi wa kina hufanyika huko, kila ofisi kwa sheria yake. Hakuna hataza ya dunia nzima, ingawa swali hilo huulizwa kila mara.

7. Mchunguzi hutafutia wapi?

Huanza na uainishaji wa kimataifa wa hataza, unaopanga hati kwa mada chini ya alama za herufi na namba. Seli za fueli zipo H01M 8, na ndani yake H01M 8/04 hushughulikia mipangilio saidizi kama mizunguko ya maji na gesi, huku H01M 8/06 ikihusu kuunganisha seli na vifaa vya kutengeneza fueli au kushughulikia mabaki. Mchunguzi makini haishii hapo. Atafungua C02F 1/20, kusafisha maji kwa kuyatoa gesi, na B01D 19/00, kutoa gesi kwenye vimiminika kwa ujumla.

Tafuta wewe mwenyewe kwenye madaraja hayo kabla hujaandika dai lolote. Waombaji wengi hutafuta kwenye H01M pekee, kisha hushtuka wakiletewa hati ya mitambo ya maji.

8. Ripoti ya utafutaji imejaa herufi X, Y na A. Zinamaanisha nini?

X ni hati ambayo peke yake inatosha kupinga upya wa dai, au hatua yake ya uvumbuzi, yaani kwamba halikuwa dhahiri kwa mtaalamu wa fani. Y hupinga ikiunganishwa na hati nyingine. A ni ya kueleza hali ya fani tu. Ripoti yenye X nyingi dhidi ya dai la 1 isikukatishe tamaa kabla hujatazama madai tegemezi, yaani yale yanayoanzia kwenye dai jingine na kulibana zaidi. Mara nyingi dai la 4 au la 6 halina X hata moja, na njia ya kutokea ipo hapo.

## Upya na hatua ya uvumbuzi

9. Mchunguzi anasema tangi lenye tundu la kutolea hewa katika hati ya zamani ndilo “kitoa gesi” changu. Anaweza kusema hivyo?

Anaweza, na pengine yuko sahihi. Hili ndilo pingamizi linalorudi kuliko yote, kwa hiyo litazame kwa utulivu.

Karibu kila mfumo wa seli za fueli una tangi la maji, na karibu kila tangi lina tundu. Maji yenye gesi yakikaa humo, sehemu ya gesi itatoka. Ikiwa dai lako linasema tu “kitoa gesi kilichounganishwa na mzunguko wa maji”, tangi hilo linaingia ndani ya maneno yako, hata kama hati ya zamani haitaji gesi mahali popote. Sheria hutazama kile ambacho kifaa cha zamani kinafanya kwa lazima. Haitegemei jina alilokipa mwandishi wake.

Neno la kushika hapo ni lazima. Kitu kisichoandikwa wazi huhesabiwa kuwa kimefichuliwa pale tu kinapofuata bila shaka kutokana na kilichoandikwa. Haitoshi kwamba huenda kilitokea. Kama tundu la tangi la zamani lina vali inayofunguka kwa shinikizo la juu pekee, au kama maji yalikuwa yametoka kwenye kondensa (kifaa kinachopoza mvuke uwe maji) muda mfupi tu na bado yapo chini ya gesi ileile, huwezi kuambiwa kwamba gesi ilikuwa inaondoka. Chora mzunguko wa hati hiyo, andika shinikizo la kila gesi juu ya maji katika kila hatua kadiri hati inavyoruhusu, halafu onyesha kwa kanuni ya Henry kwamba hakuna kinachosukuma gesi itoke. Hoja ya namna hiyo ina uzito kuliko kurasa tatu za kulalamika kwamba tangi si kitoa gesi.

Hata hivyo, dawa ya kudumu ni kuandika umbo la kifaa ndani ya dai: mnara wenye vijazio (vipande vinavyotawanya maji yanaposhuka), mtiririko wa maji na hewa unaopishana, utando, au chochote ulicho nacho. Mwaka 2025 Bodi Kuu ya Rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, katika uamuzi G 1/24, ilisema maelezo na michoro lazima vitazamwe kila mara wakati wa kutafsiri madai. Usiufanye uamuzi huo kuwa mto wa kulalia. Maelezo yenye fasili pana yatakuumiza kama yale yasiyo na fasili kabisa.

10. Hatua ya uvumbuzi hupimwaje?

Inategemea ofisi. Ulaya hutumia njia ya tatizo na utatuzi: huchagua hati iliyo karibu zaidi na uvumbuzi wako, huona tofauti, huuliza tofauti hiyo inaleta manufaa gani ya kiufundi, kisha huuliza kama mtaalamu wa kawaida wa fani angefika hapo. Swali ni kama angelifanya hivyo kweli kwa sababu fulani. Kwamba angeweza kufanya hivyo hakutoshi kukunyima hataza.

Marekani huanza na misingi ya kesi ya Graham v. John Deere ya mwaka 1966, na tangu KSR v. Teleflex ya mwaka 2007 mchunguzi hahitaji kupata maandishi yanayomwelekeza mtaalamu kuunganisha hati mbili. Akili ya kawaida na mahitaji ya fani vinaweza kutosha, mradi aeleze sababu yake. Hivyo kudai kwamba hati hazijatajana hakukusaidii sana Marekani. Huko onyesha kwamba mchanganyiko wenyewe una kikwazo au unaleta matokeo yasiyotarajiwa.

11. Nimeunganisha kitoa gesi kinachojulikana na seli ya fueli inayojulikana. Nina nafasi?

Kama kila kimoja kinafanya kazi yake ileile ya zamani bila kumgusa mwenzake, nafasi ni ndogo. Huo ni ukusanyaji tu. Nafasi huja pale vinaposhirikiana.

Chukua mfano huu. Maji kutoka kwenye kondensa yanashuka ndani ya mnara, na hewa inayopanda kukutana nayo ni hewa ileile inayoelekea kwenye kathodi. Hewa inachukua kaboni dioksidi kutoka kwenye maji, na wakati huohuo inajazwa unyevu ambao utando wa polima unauhitaji. Rezini inadumu zaidi, na kifaa tofauti cha kuongeza unyevu huenda kisihitajike. Hapo kuna jambo la kutetea, ingawa mchunguzi atalitafuta hilo nalo.

Angalia pia mipaka yake. Katika seli yenye elektroliti ya alkali, kaboni dioksidi hiyohiyo ingeingia kathodi na kugeuza hidroksidi ya potasiamu kuwa kabonati, na seli ingeharibika. Kwa hiyo hati inayozungumzia seli za alkali huenda inamwelekeza mtaalamu mbali na mpangilio wako. Kwa upande wa pili, dai lako likisema “seli ya fueli” bila kutaja aina, mchunguzi anaweza kuuliza linafanyaje kazi kwa aina zote. Na kama maji yako yana amonia, eleza inaishia wapi, maana utando wenye asidi hauipendi.

12. Niseme natatua tatizo lipi kati ya yale manne?

Lile ambalo tofauti yako inalitatua kweli, na uliandike kwenye maelezo tangu siku ya kwanza. Ukisema mfumo unaboresha usalama, upitishaji umeme, ulikaji na pampu vyote pamoja bila kuonyesha namna, Ulaya mchunguzi atakushushia tatizo hadi “kutafuta njia nyingine ya kufanya hivyohivyo”, na tatizo dogo namna hiyo hutatuliwa kirahisi na hati yoyote jirani.

Sababu za swali la 2 zina mpangilio tofauti. Anayelinda rezini huweka kitoa gesi kabla ya rezini. Anayelinda usalama hukiweka mara tu maji yanapotoka kwenye rundo, kabla hayajafika mahali palipofungwa. Anayelinda pampu hukiweka upande wa kuvutia. Ukitaja tatizo kwa usahihi, mahali pa kifaa hupata maana, na hoja ya “ni suala la kuchagua mahali tu” hupoteza nguvu.

13. Naweza kuongeza matokeo ya majaribio baadaye?

Kama ushahidi wa kuunga mkono hoja, ndiyo, kwa masharti. Katika uamuzi G 2/21 wa mwaka 2023, Bodi Kuu ya Rufaa ya Ulaya ilikubali kwamba mwombaji anaweza kutegemea manufaa fulani iwapo mtaalamu, kwa kusoma ombi kama lilivyowasilishwa na kwa ujuzi wa kawaida wa fani, angeyaona kuwa yamo ndani ya mafundisho yake na yanabebwa na uvumbuzi uleule. Manufaa yasiyo na mzizi kwenye ombi la kwanza hayaokolewi na jedwali zuri la mwaka wa tatu.

Jaribio linganishi lifanywe dhidi ya hati ya karibu zaidi. Kulinganisha mfumo wako na mfumo usio na kitoa gesi chochote hakuthibitishi kitu ikiwa hati ya mchunguzi tayari inacho. Pima upitishaji umeme wa maji kabla na baada ya kifaa, saa ambazo rezini imedumu, joto na kasi ya mtiririko, na uyaandike yote.

## Kuandika madai na maelezo

14. Dai la kwanza linaweza kuwa na sura gani?

Kwa mfano wa swali la 11, lingeweza kusomeka hivi: “Mfumo wa seli za fueli wenye rundo la seli zenye utando wa polima, kondensa inayokusanya maji kutoka kwenye gesi zinazotoka katika mfumo, mnara wenye vijazio ambamo maji hayo hushuka yakipishana na hewa inayopanda, na kitanda cha rezini ya kubadilisha ioni kilichowekwa baada ya mnara kwa kufuata mtiririko wa maji, ambapo hewa inayopanda ni hewa ya kathodi kabla haijaingia kwenye rundo.”

Kila sehemu ina kazi. “Kwa kufuata mtiririko wa maji” inafunga mjadala wa kabla na baada. “Wenye vijazio” na “yakipishana” vinaliweka kando tangi la swali la 9. Anza na dai pana kadiri ujuzi uliotangulia unavyoruhusu, kisha panga madai tegemezi kama ngazi, kila moja likiwa mahali unapoweza kusimama ukisukumwa.

15. Naweza kuandika “gesi ikiwa imeondolewa kwa kiasi cha kutosha”?

Utaambiwa haieleweki. Kutosha kwa nini, na kunapimwaje? Andika kiwango na namna ya kukipima, kwa mfano upitishaji umeme usiozidi thamani fulani kwenye joto fulani mahali fulani pa mzunguko. Tahadhari moja: kiwango peke yake, bila kutaja kifaa kinachokifikia, kinaweza kupingwa kuwa ni kuomba matokeo badala ya njia.

16. Kwa nini nakataliwa kuongeza kipengele ambacho kinaonekana wazi kwenye mchoro wangu?

Kwa sababu marekebisho lazima yatoke moja kwa moja na bila utata kwenye ombi kama lilivyowasilishwa. Ulaya ni wakali kuliko wengi katika hili. Mchoro unaoonyesha mnara, kipuliza na vali vikifanya kazi pamoja haukuruhusu kuchomoa mnara peke yake na kuuweka kwenye dai, isipokuwa ombi linaonyesha kwamba mnara unaweza kusimama bila hivyo vingine.

Kinga yake ni sentensi chache zilizoandikwa mapema: “Kipuliza si cha lazima”, “Mnara unaweza kutumika na kondensa ya aina yoyote”, “Katika umbo jingine, utando wa nyuzi huchukua nafasi ya mnara”. Nalisisitiza hili kuliko yote yaliyomo kwenye ukurasa huu. Nimesoma majalada ya uvumbuzi mzuri kabisa yaliyofungwa bila hataza kwa kukosa sentensi moja ya namna hiyo, na baada ya tarehe ya kuwasilisha hakuna mtu duniani anayeweza kuirudisha.

17. Nidai kifaa, njia, au vyote viwili?

Vyote viwili, mradi vinaunganishwa na wazo moja. Dai la mfumo humkamata anayetengeneza na kuuza, dai la njia humkamata anayeendesha. Ukiongeza dai la tatu kuhusu, tuseme, kemia ya rezini isiyohusiana na kitoa gesi, utaambiwa ombi halina umoja na uchague moja. Hilo la ziada unaweza kuliombea katika ombi lililogawanywa, yaani ombi jipya linalochomolewa ndani ya lile la awali (ombi mama), likiwa na tarehe yako ileile, mradi ombi mama bado lipo hai.

## Kujibu barua za mchunguzi

18. Barua ya kwanza imefika. Nianze na nini?

Anza na tarehe ya mwisho, iandike mahali unapoiona kila siku. Kisha fungua hati alizotaja, uzisome mwenyewe zote, pamoja na michoro. Muhtasari wa mchunguzi ni tafsiri yake, na mara nyingine ameona kwenye mchoro bomba ambalo halipo.

Baadaye jibu hoja moja moja kwa mpangilio wake. Mahali unapokubali, kubali na urekebishe. Mahali unapopinga, taja ukurasa na aya. Onyesha pia kila marekebisho yametoka wapi kwenye ombi la awali. Marekani muda wa kujibu barua ya uchunguzi kwa kawaida ni miezi 3, na huweza kurefushwa kwa ada hadi 6. Muda ukipita bila jibu, ombi huhesabiwa limetelekezwa.

19. Inafaa kuomba kuzungumza na mchunguzi?

Inafaa sana, hasa pale pingamizi linapotegemea neno moja kama “kitoa gesi”. Nenda na mchoro na rasimu ya dai lililorekebishwa. Usiende kubishana.

## Hali za pembeni

20. Tuliuza mtambo mmoja kabla ya kuwasilisha, lakini kitoa gesi kilikuwa ndani ya sanduku lililofungwa. Tumepoteza upya?

Ulaya, yaelekea ndiyo, ikiwa mnunuzi alikuwa huru kulifungua. Uamuzi G 1/23 wa mwaka 2025 ulieleza kwamba bidhaa iliyowekwa sokoni kabla ya tarehe ya ombi haiwezi kuondolewa kwenye ujuzi uliotangulia kwa sababu tu mtaalamu asingeweza kuichambua na kuitengeneza upya. Kama mnunuzi alifungwa na mkataba wa siri, hali inabadilika, kwa hiyo tafuta mkataba huo leo.

Marekani ina mwaka mmoja wa neema kwa ufichuzi wa mvumbuzi mwenyewe. Lakini mauzo ya zamani kuliko mwaka huo huua hataza hata yakiwa ya siri. Mahakama ya Juu ya huko ilisema hivyo katika kesi ya Helsinn mwaka 2019.

21. Na kama tulionyesha bango kwenye mkutano wa kisayansi?

Bango ni ufichuzi sawa na makala. Pima kilichoandikwa humo: kama lilionyesha matokeo ya rezini bila kuonyesha mpangilio wa mabomba, huenda mpangilio bado ni mpya, ingawa bango litatumika dhidi ya hatua ya uvumbuzi.

22. Ofisi moja imekubali, nyingine imekataa dai lilelile. Nani amekosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Hati zilizotafutwa hutofautiana, tafsiri ya maneno hutofautiana, na vipimo vya swali la 10 havifanani. Kukubaliwa kwingine hakumfungi mchunguzi, lakini mpelekee hoja zilizoshinda huko. Ukiwa na madai yaliyokubaliwa, uliza pia kuhusu mipango ya ofisi kuharakishiana uchunguzi kwa kutumia kazi ya ofisi mwenza.

23. Mzunguko wetu wa kupozea una glikoli badala ya maji matupu. Maombi ya “maji” yanatuhusu?

Kama dai linasema “maji”, kutakuwa na mjadala iwapo mchanganyiko wa maji na glikoli umo ndani. Soma fasili kwenye maelezo ya hataza hiyo kwanza. Wewe ukiwa ndiye mwombaji, andika “kimiminika cha kupozea chenye maji” kwenye dai pana na “maji” kwenye dai tegemezi. Kumbuka tu kwamba gesi huyeyuka tofauti kwenye glikoli, kwa hiyo thamani ulizozipima kwenye maji matupu usizihamishe bila kupima tena.

24. Hataza imetolewa. Kuna anayeweza bado kuipinga?

Ndiyo. Kwa hataza ya Ulaya mtu yeyote ana miezi 9 tangu kutangazwa kutolewa kwake kuwasilisha upinzani. Mshindani aliyekaa kimya wakati wa uchunguzi huja hapo na hati ambazo mchunguzi hakuziona, mara nyingi zile za daraja la C02F na B01D zilizotajwa kwenye swali la 7. Madai tegemezi ya swali la 14 hutumika tena wakati huo: dai la 1 likianguka, hataza inaweza kubaki katika umbo finyu zaidi. Baada ya miezi hiyo kupita, anayetaka kuibatilisha huenda kwenye mahakama yenye mamlaka, na huko ndiko pia mwenye hataza anapodaiwa kuthibitisha kwamba mtambo anaoulalamikia una kila kipengele cha dai lake, pamoja na vijazio, mtiririko unaopishana na rezini iliyo baada ya mnara.